Mwamiaji Bora wa Bonde Zima

Nimeambiwa nikiandika nisitaje majina ya watu. Sawa, sitaji. Nitasema tu kaka mkubwa wa binti mmoja niliyemhudumia, mwenye shamba la mpunga kule bondeni chini ya Kisawasawa, aliyekuwa anakaa benchi la mbele kanisani na kukohoa kabla ya sala ili watu wajue amefika. Aliyeishi kule miaka ile ya tisini ameshamjua. Asiyeishi kule hana haja ya jina.

Wa pili nisiyemtaja ni mume wangu wa zamani, lakini huyo nitammaliza haraka.

Mimi mwenyewe niliugua kabla ya kuwahudumia wengine. Nesi wa zahanati, aliyekuja kunitibu baadaye, aliuita ugonjwa wa hisia. Alisema kuna kipindi mtu anapanda, halali, anaongea mfululizo, ana nguvu za watu kumi, na kuna kipindi anashuka, hata kunyanyua kijiko anaona mlima. Kwetu hapakuwa na maneno mengi kiasi hicho. Kwetu uliitwa kichaa, basi, na kichaa kilikuwa cha aina mbili: cha faida na cha hasara.

Nieleze hicho cha faida, maana wa mjini wanaweza kudhani natania. Mpunga ukishaingia maziwa, yaani punje zikianza kujaa zikiwa bado laini, ndege aina ya kwelea wanashuka bondeni kama moshi wa shamba linaloungua. Wakitua mahali, ukigeuka kumeza mate, mahali pale pamebaki makapi. Kwa hiyo kila familia inahamia shambani, inajenga dungu, kile kichanja cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, na mtu anapanda humo kuamia ndege. Alfajiri mpaka jua lizame anapiga kelele, anapiga debe, anarusha udongo kwa kombeo. Mtu mzima wa kawaida anachoka siku ya pili. Sauti inakauka, anaanza kusinzia, anakumbuka ana mgongo.

Sasa tafakari mwenyewe. Una ndugu ambaye hasinzii. Anapiga kelele bila kuombwa. Anaimba, anahubiri, anawatukana ndege ukoo kwa ukoo. Utampeleka hospitali? Una akili timamu kweli?

Ndivyo wakwe zangu walivyonipandisha dungu nilipopanda mwenyewe kichwani. Majirani walimpongeza mume wangu kwa kuoa. Mmoja aliuliza kama nina mdogo wangu. Mpunga ukavunwa, nikashuka, nikalala kwenye mkeka nimeelekea ukutani, na hapo ndipo ikagundulika kwamba mimi ni mvivu, nakula wali nisioutwanga. Mume wangu alinipakia kwenye treni na sufuria moja, akanirudisha kwa mama yangu Ifakara. Siku hizi ni mzee wa baraza, anasuluhisha ndoa za watu. Huyo nimemmaliza.

Nesi ndiye aliyenipa vidonge, nikaamka polepole. Baadaye akatukusanya sisi wachache tuliopata nafuu, akatuomba tujitolee kuwatembelea wenzetu majumbani: kuangalia kama dawa zinamezwa, kukaa na walioshuka, kuwapikia uji, kuwafagilia. Tulifanyiwa hata semina. Mtaalamu alitoka Morogoro na shati lenye mikunjo ya pasi, akatufundisha kwamba mgonjwa anahitaji usingizi wa kutosha na mazingira tulivu. Tukanywa soda. Mimi niliishia darasa la nne lakini hilo nililielewa vizuri. Nilijiuliza tu kama kuna mtu amewaambia kwelea.

Binti mwenyewe nilimpata kiangazi, ameshuka. Alikuwa hajaolewa, anakaa na mama yake kwa kaka yake. Nilikuwa nakwenda, namsalimia mama, naketi naye uani, namchana nywele. Wiki za mwanzo alikuwa kama gogo. Siku moja nikiwa nasuka mkia wa mwisho akasema perege wa jana walikuwa na chumvi nyingi. Nilifurahi, nikaenda kumpa nesi habari za wale perege kana kwamba nimeshuhudia muujiza. Tangu hapo alinijibu, akaniita shangazi, akaanza kwenda zahanati kwa miguu yake. Akameza dawa. Akafua nguo zake. Akaanza kucheka vichekesho vibaya vya mama yake, na hiyo kwangu ndiyo dalili ya afya.

Ikaja masika, wakahamia shambani. Mpunga ukaingia maziwa. Siku yake ya kuchukua dawa ikapita bila yeye kuonekana, na iliyofuata vilevile. Nesi akanitazama, nami nilikuwa nimeshafunga kanga kiunoni.

Nilimsikia kabla sijamwona. Niko kwenye maji ya magoti, viatu mkononi, sauti inakuja juu ya mpunga, imepasuka kama tarumbeta lililokanyagwa. Alikuwa amesimama juu ya dungu, amekonda, midomo imekauka, anawatangazia ndege kwamba yeye ni mkuu wao wa wilaya na wamevunja sheria. Na ndege, lazima niseme ukweli, walikuwa wanamtii. Shamba la jirani lilikuwa limetafunwa kona hadi kona. La kaka yake lilikuwa limeinama kwa uzito.

Kaka alikuwa kivulini anachonga mpini.

Nikamwamkia. Nikamuuliza kuhusu dawa.

“Zipo,” akasema. “Sisi si washenzi, dada, hatujazitupa. Nimezichomeka juu kwenye paa zisilowe. Atameza tukishavuna.”

“Anaumwa sasa hivi, kaka.”

Akaninyooshea mpini kuelekea kwa jirani, kisha kwake. “Tazama lile, tazama hili. Kati yetu mgonjwa nani?”

Sitasema uongo, mtu yule alikuwa na hoja. Mama ndiye aliyeniambia mengine, tukiwa jikoni, kwa sauti ya chini, huku akikoroga mboga iliyokuwa haina haja ya kukorogwa. Alisema binti akimeza dawa anasinzia, na mwaka uliopita, hata kabla ya dawa, alisinzia mchana mmoja tu, ile kona ya chini yote ikawa makapi, wakala mihogo mpaka wakasahau rangi ya wali. Kwa hiyo mama anaogopa njaa. Lakini kulikuwa na kingine anachoogopa. Binti alikuwa ameanza kusema kuwafukuza ndege ni kazi ya watoto. Yeye atawafuata wanakolala, awamalize huko huko. Ndege wale walikuwa wanalala kwenye matete ya mtoni. Juzi yake alikuwa ameshaanza safari, wakamkuta maji yamemfika kiunoni, anatembea mbele kama anayekwenda sokoni. Na mto Kilombero unajulikana wenyeji wake: kiboko na mamba, na hakuna anayeheshimu mkuu wa wilaya.

“Umemwambia mwanao mkubwa?” nikamuuliza.

“Amesema tumfunge kamba kiunoni jioni,” mama akasema. “Asubuhi tunafungua, anapanda kazini.”

Mimi kamba ile naijua. Nilirudi kivulini. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya semina, usingizi na mazingira tulivu, lakini nilipoona kaka anavyoupapasa ule mpini nikaona nisimchoshe. Nikamwambia kwamba binti ashuke, ameze dawa, alale. Ndege nitaamia mimi.

Aliacha kuchonga. Nadhani ni mara ya kwanza alinitazama usoni.

“Hebu piga kelele nisikie,” akasema.

Nilifikiri anatania. Hakuwa anatania. Nikasimama katikati ya shamba la watu, mwanamke mzima, nikapiga ukelele. Alisikiliza ameinamisha kichwa pembeni, kama mtu anayenunua mbuzi na anashuku meno.

“Haifiki mtoni,” akasema. “Lakini ukiongeza debe, itasaidia.”

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa bila mshahara na mtu niliyekuwa natamani aliwe na siafu. Mama alizichomoa dawa kwenye paa kabla mwanawe hajabadili mawazo. Kumshusha binti ilikuwa kazi nyingine. Alikataa kukabidhi wilaya. Nilimwambia hata mkuu wa wilaya huenda likizo, na mimi ni kaimu tu. Akafikiri, akaniuliza kama nina barua ya uteuzi. Nikamwambia inakuja na treni. Akashuka.

Alilala usingizi wa kuzimia, anaamka kumeza na kunywa uji, analala tena. Mimi juu. Wenzangu wa kikundi walipopata habari wakaja kunipokea kwa zamu, akiwemo mzee mmoja mvuvi ambaye tangu tumfahamu hajawahi kuongea zaidi ya shikamoo yake na marahaba yake. Yule mzee alikuwa na kombeo. Kwenye dungu alipiga kelele ambazo nadhani alikuwa amezitunza miaka yote. Mtaalamu wa Morogoro angetuona, watu waliokwisha kutangazwa wazimu wilaya nzima, tumepanda kichanja tunawapigia ndege debe ili mmoja wetu apate mazingira tulivu, sijui angeandika nini kwenye ripoti.

Siku binti alipotoka kibandani akakaa mlangoni, macho yamevimba kwa usingizi, alinisikiliza muda mrefu.

“Shangazi,” akasema, na sauti yenyewe haikuwapo, ilikuwa upepo tu, “hivyo ndivyo watu wanavyoita kuku.”

Nililia juu ya dungu. Kwelea waliitumia nafasi hiyo kula kona ya chini, na kaka mtu akaja kunikaripia.

Tulivuna. Yaani, alivuna. Jumapili iliyofuata alisimama mbele kanisani, akakohoa, akashuhudia jinsi alivyomwombea mdogo wake mpaka akapona. Watu walipiga makofi. Baada ya ibada familia mbili zikanifuata kuuliza kikundi chetu kitafika lini kwao. Nikafurahi, nikauliza mgonjwa wao anasumbuliwa na nini. Hawakuwa na mgonjwa. Walikuwa na mpunga.

Binti alishuka kiangazi kile, lakini si mpaka chini kabisa. Alishuka kama mtu anayeshikilia mti. Aliendelea kufika zahanati, na dawa alizifunga kwenye pindo la kanga yake, paa la kaka yake hakuliamini tena. Masika ya pili, mpunga ukakaribia kuingia maziwa, kaka akamwita kwa sauti nzuri, ile ya kanisani, akamwambia aziache kidogo tu, kwa muda mfupi, kwa ajili ya familia. Mama alinisimulia baadaye. Anasema binti alimaliza kuosha vyombo, akajifuta mikono.

“Kaka, mimi sauti imekwisha. Panda wewe.”

Na mama, yule yule wa kukoroga mboga, akamletea mwanawe mkubwa debe, akaliweka miguuni pake.

Nilikwenda kuwatembelea msimu ule. Binti alikuwa nyumbani anapeta, ananenepa, akanikaribisha chai. Kabla sijafika kwao nilisimama kwenye tuta, maji ya magoti, viatu mkononi, nikasikiliza. Kule juu ya mpunga mtu alikuwa anapiga kelele, anakohoa, anapiga tena.

Haikufika mtoni.