Chumvi ya Bi Stojna

Wewe ungemwambia nini bibi ambaye mapenzi yake ndiyo yanayomfungia mjukuu mlango wa hospitali?

Naum, muuguzi wa vijiji vya milimani vilivyo juu ya mji wa Ohrid, alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa kazini akitoboa visigino vya watoto wachanga na kudondosha damu yao kwenye karatasi ya kupimia. Wanaume wenzake walimwita mkunga mwenye masharubu. Hakujali. Alijua tone lile hugundua ugonjwa kabla ya kikohozi cha kwanza.

Mtoto Klime, wa siku ishirini na sita, alishapimwa mara mbili, na mara zote mbili majibu yalitisha. Huenda ana sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi yawe mazito kama gundi na kuziba mapafu. Kilichobaki ni kupimwa jasho kule Skopje, mji mkuu, kwa kuwa jasho la wagonjwa hao hujaa chumvi. Wakati huohuo mtoto alinyonya sana na bado alikonda.

Naum alipowafuata nyumbani, bibi wa mtoto, Stojna, alikataa katakata. Mtoto hatoki nje kabla ya siku arobaini. Na mkwewe Lenche aliponong'ona kwamba kila akimbusu mwanawe anaonja chumvi, bibi alicheka. Si yeye mwenyewe aliyempaka chumvi siku ya tatu, kama walivyopakwa wote wa nyumba ile, ili jasho lisije likanuka ukubwani?

"Hata wewe Naum ulipakwa," alisema. "Ila naona mama yako alibania."

Naum naye akacheka, kisha akaomba beseni. Lenche akamwogesha mtoto kwa maji matupu, akamkausha, akamnyonyesha karibu na jiko la kuni mpaka paji la uso likalowa jasho.

"Sasa mbusu wewe, mama," Naum akamwambia bibi.

Bi Stojna akainama, akambusu. Akapitisha ulimi midomoni.

"Chumvi yangu ilishaoshwa," akasema mwishowe. "Hii ni ya nani?"

"Ni yake mwenyewe, mama. Na hujakosea kitu."

Bibi akamwambia aende zake. Naum akaondoka bila kujua ameshinda au ameshindwa.

Asubuhi yake, akielekea kazini, alimwona Bi Stojna kwenye kituo cha basi, kavaa kitambaa chake cha kanisani, Klime yumo ndani ya koti lake. Lenche alimfuata na mkoba. Basi la Skopje lilipofungua mlango, bibi akafanya ishara ya msalaba mara tatu, akatangulia kupanda.