Shahada Mbili na Wingu la Kericho

Mwanangu Chebet, ipo siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka, mikono yangu hutafuta kitu cha kushika. Nataka nikusimulie kabla hujaenda chuoni, kwa sababu juzi nilikusikia ukimwambia baba yako kwamba wewe huogopi chochote. Ulisema utasoma urubani na biashara pamoja, shahada mbili kwa mpigo, na kila kitu kitakuwa sawa. Mimi niliinamia viazi vyangu nikaendelea kumenya. Lakini moyo ulinishtuka, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, na kwa sauti hiyo hiyo.

Najua unacheka nikijiita mzee. Lakini mimi ni senge wako, dada wa baba yako, na shangazi hapa kwetu hukalishwa na wazee mapema, atake asitake. Kwa hiyo keti, unisikilize.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Asubuhi nasoma biashara darasani, mchana naenda uwanjani kufundishwa kurusha ndege. Hapa Kaplong walinionea fahari mpaka nikawa naogopa kuja likizo. Kanisani niliitwa mbele niombewe. Sokoni walininyooshea kidole, "Yule ndiye msichana wa ndege." Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa naota ninaanguka, naamka shuka limelowa jasho. Ningemwambia nani? Kila mtu alikuwa ananiambia nisiogope, nami nikawa nawajibu kwamba siogopi.

Ikafika zamu yangu ya safari ndefu ya peke yangu, kutoka Nairobi hadi Kisumu na kurudi. Katika safari hiyo mwalimu hubaki chini, ili mwanafunzi ajifunze kuamua bila mtu wa kumtazama usoni. Mwalimu wangu aliitwa Kapteni Odera, mtu mzima, mwembamba, mpole wa maneno, aliyeanza kurusha ndege kabla mimi sijazaliwa. Kabla sijaondoka alinionyesha kwenye ramani uwanja mdogo wa ndege, wa nyasi, katikati ya shamba la chai karibu na Kericho.

"Hapa utapita juu tu," alisema. "Lakini pajue."

Kwenda kulikuwa kuzuri. Nilipita juu ya chai yote hii nikaimba peke yangu. Kisumu nikacheleweshwa na mafuta, na nilipopaa kurudi, alasiri ilikuwa imeingia. Wewe ni mtoto wa huku, unaijua alasiri ya Kericho.

Nilipokaribia vilima nikalikuta wingu limesimama mbele yangu, jeusi chini, jeupe juu, pana kiasi kwamba sikuona mwisho wake upande wowote. Ndege yangu ilikuwa ndogo, ya injini moja, na mwanafunzi kama mimi hakuruhusiwa kuingia mawinguni. Nilitakiwa kuiona ardhi wakati wote. Nikageuza shingo nitazame nyuma. Kisumu haikuonekana. Mvua ilikuwa imefunga njia niliyotoka.

Mwanangu, woga ulinianza magotini. Ukapanda mpaka mdomoni, ulimi ukakauka ukawa kama wa mtu mwingine. Upepo ukaanza kuitupa ndege juu na chini, ramani ikaanguka miguuni, na nikashindwa kuiokota kwa sababu sikuthubutu kutoa mkono hata mmoja kwenye usukani. Na hapo ndipo nilipoanza kubishana na nafsi yangu. Wiki hiyo darasa la biashara lilikuwa limetufundisha kwamba ndege iliyolala chini haileti kitu, inakula tu. Nikawaza kwamba ndege hii inangojwa Nairobi, kuna mwanafunzi mwingine wa kesho asubuhi, nikiiacha shambani nimevuruga ratiba ya watu wote. Nikawaza nyumbani watasemaje, kwamba msichana wa ndege amemwagwa kwenye majani chai. Labda wingu si nene sana. Labda nikipita upesi.

Chini ya kelele zote hizo kulikuwa na woga wangu, na wenyewe ulikuwa na neno moja tu. Shuka.

Nikaita kwenye redio, sauti ikitoka nyembamba, nikasema natua kwenye ule uwanja wa nyasi. Nilipita mara ya kwanza chini chini ili nione kama pako wazi. Hapakuwa wazi. Wachuma chai walikuwa wanakatiza uwanja wakikimbia mvua, vikapu mgongoni. Ikabidi nipande tena nizunguke, na kuzunguka huko kulinimaliza, maana wingu sasa lilikuwa limefika, na matone yalikuwa yanapiga kioo. Nilimwita mama yangu kwa jina, mimi mtu mzima. Nikalenga nyasi, nikagusa, ndege ikateleza kwenye utelezi, bawa likapita karibu kabisa na michai, ikasimama.

Nikazima injini. Ndipo mvua ya mawe ikaanguka. Nilikaa mle ndani nikisikia mawe yakigonga mabawa, nikawaza kwamba kama ningeendelea, mawe haya yangenikuta huko juu.

Ilipopungua, mama mmoja mchuma chai alifungua mlango. Akavua plastiki aliyojifunga kiunoni, akanifunika nayo mabegani.

"Pole, mami," aliniambia. "Umefika. Toka sasa."

Sikuweza kutoka. Walinishusha.

Jioni hiyo Baba, babu yako, alikuja kwa pikapu ya jirani, akanikuta kwa nesi wa shamba. Hakunigombeza. Alikaa kando yangu akiwa na kofia mkononi, kisha akasema polepole, "Mama, hii maneno ya ndege wachana nayo. Wewe umesoma biashara. Si hiyo inatosha? Utapata kazi hapo Kericho kwa ofisi, tukuone kila Jumapili."

Nikasikia raha mwili mzima. Ndiyo, inatosha. Nilishaanza kuliona dawati langu.

Kesho yake asubuhi Kapteni Odera alifika kwa gari kutoka Nairobi. Aliizunguka ndege kwanza, akapapasa mabawa, kisha akaja pale tulipokuwa tumekaa na Baba na wafanyakazi wa shamba. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Mbele ya watu wote nikasema, "Sikuogopa, Kapteni. Hata kidogo."

Aliangalia chai iliyokuwa inamwagika kwenye vidole vyangu. Akanichukulia kikombe, akakiweka chini.

"Chelangat," alisema, "neno hilo usiniambie tena. Mtu ambaye hakuliogopa wingu la jana, mimi simpi ndege. Sasa niambie vizuri. Uliogopa nini?"

Yakatoka yote: wingu, mawe, injini kuzimika, kilio cha mama, kicheko cha watu, hasara ya chuo niliyofundishwa kwenye biashara.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Wingu, mawe na injini ni mambo ya ndege," alisema. "Hayo yaogope, ndiyo yaliyokushusha. Kicheko cha watu kiache huku chini. Na hasara, ni kweli, ipo. Mwalimu wako wa biashara hakukudanganya. Lakini hasara tutaizungumza mezani, na wewe ukiwa umekaa hapo."

Baba akauliza, "Kapteni, na wewe unaogopa?"

"Kila siku, mzee."

Baba aliivaa kofia yake, akaivua. "Basi," alisema, "wewe ndiye utamwambia mama yake."

Nilimwambia Kapteni kwamba nataka kuacha. Hakukasirika. Alisema niache nikitaka, ila nisiamue mikono ikiwa bado inatetemeka. Tukakagua ndege pamoja, yeye akisoma orodha ya ukaguzi, mimi nikigusa. Anga ilikuwa safi. Tukapaa, yeye kando yangu, na woga ulikuwa hapo hapo magotini. Sikuufukuza. Tulipofika Nairobi nilijua kwamba nitaendelea.

Nilimaliza shahada zote mbili. Nilirusha ndege miaka mingi, na sasa, kama unavyojua, nakaa kwenye meza inayoamua ndege iende au ingoje. Mwaka jana kijana mmoja alinipigia kutoka uwanja wa mbali, akaniambia abiria wana haraka na hali ya hewa "si mbaya sana". Nikasikia sauti yake imekuwa nyembamba. Nikamuuliza, "Unaogopa?" Akasema ndiyo. Nikamwambia alale huko huko. Abiria walinitukana sana kwa simu. Wote walifika kesho yake.

Basi sikiliza, mwanangu. Usiende chuoni ukiwa umebeba hilo neno lako la kutoogopa. Ukiogopa, sema, na umtajie mwalimu wako kitu chenyewe, usimwambie tu kwamba uko sawa. Biashara isome kwa bidii, kwa sababu ndege hazirushwi kwa maombi peke yake, na siku moja utakuwa upande wa meza unaotuma watoto wa wenzako angani. Lakini injini ikishawaka, biashara ikae kiti cha nyuma. Na kama siku moja utaona urubani si wako, rudi nyumbani. Tutakupokea kwa chai ile ile. Ila usiamue ukiwa bado unatetemeka.

Mungu wa baba zetu akutangulie huko juu. Akupe macho ya kuona wingu lingali mbali, na masikio ya kuwasikia wanaokuonya. Watu wa Kaplong wakikutaja, wakutaje ukiwa hai. Na kila utakaporuka, mwanangu, ushuke.