Mama Geji: Miaka sita kidole kwenye swichi ya feni

Ni Jumatano, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, na lori la maji linaupanda mlima kwa gia ya pili huku likilalamika. Dereva anatazama barabara. Mkewe, aliyekaa kando yake, barabara hana habari nayo. Macho yake yako kwenye geji ya joto, na kidole chake cha shahada kimetulia juu ya swichi nyekundu.

“Themanini na nane,” anajisemea. “Tisini.” Anabonyeza. Mbele ya injini feni inanguruma, na baada ya muda mshale unaanza kushuka. Anazima. Mumewe wala hakugeuka.

Hiyo ndiyo kazi yake. Wateja na wauza vipuri wanamwita Mama Geji, na usicheke: bila yeye lori hili halipandi kilima.

Ana miaka arobaini na saba na watoto watatu, wote watu wazima. Kwa miaka sita amefanya kwa kidole kile ambacho magari ya wenzao hufanya yenyewe. Feni ya asili, iliyokuwa ikizungushwa na mkanda wa injini, ilivunjika safarini. Fundi mmoja akawafungia feni ya umeme iliyotoka kwenye gari dogo, akachomeka na swichi ya kuwashia, akasema ni ya muda tu.

“Ya muda!” Mama Geji anacheka. “Hiyo ya muda imeshaona wajukuu wangu wawili wakizaliwa.”

Kuiacha iwake kutwa walijaribu. Alteneta ya lori, inayochaji betri, ni kongwe, na betri ikawa inakufa kabla ya adhuhuri. Basi si dereva angebonyeza mwenyewe?

Hapo Mama Geji anashusha pumzi. Mumewe ni dereva hodari, ila akipata wa kupiga naye soga husahau hata alikotoka. Mwaka wa pili wa feni hiyo mke aliugua malaria, akalala siku mbili. Siku ya pili injini ikachemka, gasketi ikaungua, na lori likakaa uani miezi mitatu.

“Nimebeba lita elfu nane za maji mgongoni, na injini inakufa kwa kiu,” anasema mumewe. Anacheka, lakini si sana. Fundi wa injini alimwambia bila kumung’unya maneno: ikichemka tena, msiniite mimi, mwiteni mnunuzi wa chuma chakavu.

Tangu hapo mkewe hajakosa safari hata moja. Harusi ya mpwa wake aliisikilizia kwenye simu.

Sasa kuna Jumatatu ijayo. Chuo cha udereva kimempokea Mama Geji kwenye darasa la malori: wiki kumi, kila siku asubuhi. Ameshaahirisha mara mbili, na mkuu wa chuo amemweleza kwamba mara ya tatu haipo. Lakini aende, lori amwachie nani?

“Nirudi na leseni nikute lori limeshauzwa kwa kilo?” anauliza. “Nitaendesha nini, ungo?”

Ndiyo maana kesho yake, Alhamisi, lori lilipelekwa kwa fundi umeme, rafiki wa mumewe, mtu wa maneno machache anayemwita Mama Geji shemeji. Alikata mpira wa juu wa rejeta, ule unaoleta maji ya moto kutoka kwenye injini, akaunga hapo bomba fupi lenye sensa ya kupima joto. Maji yakifika nyuzi tisini na tatu, sensa inaiamsha rilei, yaani swichi inayojibonyeza yenyewe kwa umeme, na rilei inawasha feni. Yakishuka hadi themanini na sita, feni inazimika. Akaongeza na fyuzi, maana kwake waya usio na fyuzi ni kiberiti.

Kisha wakajaza tangi la maji wakaenda mlimani, watatu ndani ya kabini.

“Shemeji,” fundi akasema wakiwa katikati ya mlima, “nilikwambia usiguse.”

“Nani kagusa?”

“Feni imewaka kwenye tisini.”

Mama Geji akautazama mkono wake. Kidole kilikuwa juu ya swichi.

Wakashuka mlima, wakaupanda tena. Safari hii alibonyeza akijua anabonyeza. Woga ulimzidi, akaomba radhi.

“Usipoiacha ifike tisini na tatu hatutajua kama inafanya kazi,” fundi akamwambia. “Na Jumatatu utakuwa hapahapa.”

Mara ya tatu akaikalia mikono yote miwili. Tisini. Tisini na moja. Mumewe naye akaanza kuitupia macho geji. Tisini na mbili.

“Jamani, tunaiua injini!” Mama Geji akasema, jasho likimtiririka. Fundi alikuwa anatazama dirishani kana kwamba yuko matembezini.

Tisini na tatu. Feni ikanguruma yenyewe. Mshale ukarudi themanini na sita, na kelele ikakatika.

“Nilifurahi mno,” anasema. “Na wivu niliuona, sitakuficha. Miaka sita, halafu kidude kama kizibo cha chupa kinakuja kunishinda kazi!”

Ijumaa walizunguka kutwa na maji, safari saba, na swichi haikuguswa. Jioni fundi akauliza kama aing’oe, ingawa yeye angeshauri ibaki, isije sensa ikafa njiani. Mume akakubali ibaki, ila ihamishiwe upande wake.

“Kwani hapo ilipo inakukera nini?” mkewe akamuuliza.

“Ikibaki hapo, Jumatatu huendi. Mimi nakujua. Fundi, ilete huku kwangu.”

Mama Geji alifungua mlango. Alishuka, akazunguka nyuma ya lori, akasimama huko kitambo akijifuta macho.

Akishapata leseni, anataka wapokezane: mumewe, ambaye mgongo umeshaanza kumsumbua, achukue safari za asubuhi, yeye za mchana.

“Injini hii ikinuna naijua, ikikohoa naijua,” anasema. “Miaka sita nimekuwa kidole cha lori. Sasa nalitaka lori zima.”