Mama Mkwe Aliyekosa Harusi Ndiye Aliyemuuguza Nyatichi

Saa moja asubuhi, umande ungali umetanda juu ya michai katika kilima kimoja nje ya Kapkatet. Nyatichi, 42, amejifunga aproni ya plastiki kiunoni na anachuma kwa mikono miwili, ule wa kushoto ukienda polepole kuliko mwenzake. Kikapu hakiko mgongoni mwake. Kimebebwa na mama mzee anayemfuata nyuma kati ya mistari.

Kila viganja vikijaa, Nyatichi anageuka na kuyatumbukiza majani kikapuni.

"Umeacha hii hapa," mama mzee anamwambia, akionyesha chipukizi.

"Nimeiona, Mama. Bado ni kadogo."

Mama huyo ni Rebeccah, mama mkwe wake. Mwanawe Kimeli, ambaye ni mwashi, alipomwoa Nyatichi, binti kutoka Kisii, miaka kumi na mitano iliyopita, Rebeccah hakufika harusini. Alibaki kwake Londiani. Ukimuuliza sababu hata leo, anakujibu kwa uso mkavu: "Nilikuwa na viazi shambani."

Nyatichi anacheka hadi anashika ubavu. "Hizo viazi zilivunwa miaka mingi iliyopita," anasema.

Hakuwa akicheka mwaka juzi, alipogusa uvimbe kwenye titi lake la kushoto akioga. Haukuuma, naye akajiambia kwamba ni uchovu wa kubeba majani. Miezi ikapita. Kimeli aligundua alipoona doa la damu kwenye blauzi ya mkewe.

"Niliogopa kusema," Nyatichi anaeleza. "Mimi nilijua kansa ni kifo. Na nilijua huko Londiani watasema, si tulimwambia huyu kijana asioe huko."

Katika hospitali ya misheni ya Kaplong alikatwa kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa. Majibu yaliporudi, yalikuwa saratani ya matiti. Akatumwa Nakuru kwa tibakemikali, au kemo kama anavyoiita mwenyewe. Bima ya afya ililipa sehemu ya gharama. Kwa iliyobaki, ng'ombe wao mmoja, mtamba aliyekaribia kuzaa, akauzwa.

Dozi ya kwanza ilimwangusha. Alitapika hata maji, na nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Binti yao Dorine, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tatu, aliziokota na kuziweka kwenye mfuko, akidhani mama atazihitaji tena.

Ndipo Rebeccah alipotokea mlangoni na gunia la viazi. Hakuna aliyemwita. Kimeli alikuwa amempigia simu kumjulisha tu.

"Nilijifunika leso haraka," Nyatichi anakumbuka. "Nikangoja aseme lile neno la 'si tulimwambia.' Akaniuliza, 'Ng'ombe amekamuliwa?' Nikasema bado. Akaweka gunia chini, akaenda kukamua."

Jioni hiyo Kimeli alianza kuzungumza na mama yake kwa Kikipsigis, lugha yao, kama walivyozoea hata Nyatichi akiwa ameketi nao. Rebeccah akamkatiza. "Hapa ndani tutaongea Kiswahili," alisema, "ndio mgonjwa asikie."



Baada ya dozi ya pili alikataa kurudi Nakuru. Kimeli alimsihi, mchungaji akaja kumwombea, lakini hakubadili nia. Rebeccah hakumgombeza. Asubuhi ya safari alivaa gauni lake la kanisani, akachukua mkoba na kusimama mlangoni.

"Nilimwambia, kama wewe huendi, mimi naenda kukaa kwa hicho kiti cha kemo. Wanidunge mimi," anasimulia Rebeccah. "Akaniangalia. Akaenda kutafuta viatu."

Walikwenda pamoja safari zote zilizobaki. Kisha ikaja siku ya upasuaji, na titi likaondolewa. Nyatichi aliporudi nyumbani hakutaka mtu yeyote aone kovu, hata mumewe. Kidonda kilihitaji kusafishwa. Kimeli alijaribu, lakini alishindwa.

Rebeccah alimtoa mwanawe chumbani na kufunga mlango.

"Aliniambia, 'Nimezaa watoto saba na kuosha maiti ya mama yangu. Hakuna mwili naogopa,'" anasema Nyatichi. "Nililia sana siku hiyo. Alingoja nimalize, akaendelea kuosha."

Wakati huo wote, Rebeccah ndiye aliyekuwa akichuma chai ya nyumba hiyo na kuipeleka kwenye kituo cha kupimia majani. Mkazi huyo wa Londiani, aliyezoea jembe na viazi, alirudishiwa majani mara kadhaa kwa kuchuma magumu mno. Nyatichi aliwekewa kiti nje, akawa anamfundisha akiwa ameketi juani.

Vipimo vya mwisho havikuonyesha saratani. Bado anameza kidonge kila siku na atakuwa akienda kliniki kwa miaka kadhaa. Mkono wa kushoto huvimba akibeba mzigo, ndiyo maana kikapu kina mwenyewe mwingine. Ananuia kuanzisha kitalu cha miche ya chai karibu na nyumba, kazi anayoweza kuifanya bila kujitwika.

Lakini kuna jambo analolitaka kabla ya kitalu. Amekuwa akimwomba Rebeccah akapimwe matiti, naye kila mara alisema umri wake wa kuvuliwa nguo na watu umepita. Wiki hii amekubali. Wataenda pamoja Jumanne.

"Naenda kwa sababu amenisumbua," anasema Rebeccah, akikisogeza kikapu mgongoni. "Lakini nimemwambia, nikiitwa kwa daktari, hatabaki nje. Ataingia na mimi."

"Nitaingia, Mama," anasema Nyatichi. "Na nitakushika mkono."