Mfalme Hauachi Mji Wake

Shemeji yangu ni mfalme. Usicheke, mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka nimechoka. Mchana anakaa kwenye dirisha la malalamiko la shirika la maji, watu wanamfokea kuhusu mabomba yaliyokauka, naye anawajibu wote kwa neno moja: "Litashughulikiwa." Akirudi nyumbani anavua viatu, anajitupa kwenye kochi refu la sebuleni, anashika simu, na kuanzia hapo ana mji wenye ngome, ana jeshi, na ana raia arobaini wasiothubutu kumfokea.

Mji huo uko kwenye kundi la mtandaoni. Kila mwanakundi ana mhusika wake, anamwandikia maneno na matendo, na wote wanajenga hadithi moja. Shemeji ndiye mwenye hadithi; ndiye anayeamua vita vianze lini na mvua inyeshe wapi. Sheria zake zinashinda za shule ya bweni. Hakuna kumsemea mhusika wa mwenzako. Hakuna kutoka mjini bila ruhusa. Neno lolote la nje ya hadithi liwekwe kwenye mabano, tena mstari mmoja, kisha unyamaze. Mimi niliingizwa kwa kubembelezwa, nikapewa kuuza mikate. Dada yangu, yaani mkewe, aliingizwa kwa sababu mji ulikosa tabibu, na yeye ni mkunga wa hospitali. Shemeji aliona huyo hana haja ya kufundishwa.

Kilichomuudhi mfalme ni uvivu. Alikuwa ameshaandaa kilele cha mambo, maadui wameuzingira mji, na watu hawaandiki. Mmoja ana mitihani, mwingine kajifungua, wa tatu eti simu imetumbukia kwenye ndoo. Basi akatangaza tauni: asiyeandika kwa siku tatu, mhusika wake anaugua, na mgonjwa haruhusiwi kusema wala kutenda lolote mpaka tabibu amponye. Alidhani watatetemeka. Kumbe amewapa likizo! Watu waliugua kwa furaha. Hata jemadari, bingwa wa kuandika kurasa nzima nzima, alijilaza akasema homa imembana. Mimi niliugua siku ya pili, sikuona haja ya kungoja ya tatu. Maadui wakabaki nje ya ngome wameizingira wodi.

Mji mzima ukawa mikononi mwa dada, na dada wiki ile alikuwa na lake. Alikuwa ameitwa kwenda kuongoza wodi ya wazazi katika hospitali ya mji mwingine, safari ya kutwa kwa basi. Kazi ya namna hiyo aliitamani tangu mimi navaa sare za shule. Alitakiwa kuripoti Jumatatu. Kwa mumewe alitaka jibu moja tu: wanakwenda wote wawili, au anakwenda peke yake?

"Mume wangu, naomba tuongee," alimwambia mbele yangu, nilipokwenda kuwatembelea.

"Litashughulikiwa," akasema mfalme, kidole kikiendelea kuandika. Naapa hakujua amesema nini.

Hasira zilinipanda mimi. Dada alicheka, kicheko cha kuumia, akanivuta jikoni. "Huyu masikio kayaacha kazini, mdogo wangu. Kilichobaki ni macho." Akafuta mikono, akachukua simu yake, akaliandikia kundi.

Aliandika kwamba tabibu ameitwa mji wa mbali, kwenye nyumba ambamo wanawake wanajifungua bila msimamizi. Kwamba amewahudumia watu mpaka mikono imekauka, na nyumbani kwake hakuna aliyewahi kumuuliza, umechoka? Kwamba anaondoka Jumapili. Mwisho akamuuliza mfalme mbele ya umma: "Utakuja nami, au niende peke yangu?"

Tulisikia kochi likilia. Shemeji alikuwa ameketi wima! Nikajisemea moyoni, leo kapatikana. Alikuja mbio mpaka mlango wa jikoni, macho yanameremeta.

"Mke wangu! Hapo sasa umeandika! Ile huzuni, loo! Siku zote hizi ulikuwa unanificha kipaji?"

"Nijibu basi," dada akasema.

"Nakujibu sasa hivi!" Akarudi kochini.

Jibu lilikuwa refu, na ukweli usemwe, lilikuwa zuri. Mfalme alipanda juu ya ngome, upepo ukapeperusha joho lake, akaitazama barabara ya mbali. Akasema nusu ya moyo wake inaondoka na tabibu, lakini mfalme hauachi mji wake. Nenda, tabibu, nenda peke yako, na jina lako tutaliimba. Wagonjwa wote isipokuwa mimi walipona ghafla ili washangilie.

Nilishindwa kuvumilia. Nikaandika kwenye mabano: "Shemeji, mkeo anahama kweli." Hapo hapo nikafungiwa kuandika. "Shemeji, wewe una tauni!" akanipigia kelele toka sebuleni. "Unawatoa watu kwenye hisia!" Nikamwendea nimwambie kwa mdomo, akaninyooshea kiganja: "Namalizia, shemeji, namalizia."

"Muache," dada akaniambia. "Nimeuliza, nimejibiwa. Tena mbele ya mashahidi."

Jumapili asubuhi nilifika na teksi kumchukua. Shemeji alikuwa kochini, miguu imekatiza njia, anaandika kuagana kwa mfalme na tabibu kwenye lango la mji. Alinisomea kipande kwa sauti, sauti yenyewe ikitetemeka: jeshi zima linalia, mfalme anashuka farasini, anaubeba mkoba wa tabibu kwa mikono yake mwenyewe. Machozi yalimlenga. Nilitamani kumpiga kwa mto.

Dada akatokea chumbani akikokota sanduku, lile kubwa.

"Inua miguu," akamwambia. "Sanduku lipite."

Akainua miguu yote miwili, macho yakiwa kwenye simu, na sanduku likapita.