Uzamivu wa Waendao Pwani

Nikiri mapema kwamba nilimcheka. Mwalimu Mwanawema Shaame, mzaliwa wa Makangale, mwenye miaka arobaini na mmoja na watoto wanne, aliponiambia hapa kwenye ofisi yetu ya walimu Mtambile kwamba amepata nafasi ya kusomea uzamivu wa masuala ya umma na sera za mazingira, nilimwuliza kama mvi alizonazo hazimtoshi. Akanijibu, "Mwalimu Epifania, wewe sahihisha madaftari yako."

Mada yake ilikuwa kanuni za kufunga miamba, zile zinazokataza kuvua pweza kwa miezi mitatu ili wazaliane. Alitaka kujua nani hupanga na nani huumia. Alizunguka vijiji vya kaskazini, upande wa kwao, mwaka mzima na hojaji mia tatu. Swali la kwanza: Je, wewe ni mvuvi? Aliyejibu hapana hakuulizwa zaidi. Wanawake wote walijibu hapana, naye akaandika sura nzima kwamba wanawake wa huko hawavui. Msimamizi wake akaisifu.

Siku moja ya bamvua, maji yanapokupwa mbali mpaka miamba ikaonekana, alikuwa kwao, amekaa barazani na karatasi zake. Mama yake, Bi Kazija, akarudi amerowa mpaka kiunoni, na pweza watano kapuni. Mwanawema akaitafuta karatasi ya nyumba yao. Wavuvi: hakuna. Alikuwa ameijaza kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, si nilikuuliza kama wewe ni mvuvi?"

"Mie nvuvi wapi, mwanangu? Wavuvi wanaume, wenye vyombo. Mie naenda pwani."

Alilia, na haki yake, maana ilibaki miezi minne akabidhi tasnifu. Msimamizi alimshauri aiache kama ilivyo. Mtu mwenye akili za kawaida angemsikiliza. Mwanawema ana kichwa kigumu, na leo nakishukuru. Aliifuta sura, akaomba mwaka, akapewa miezi sita, akarudi nyumba kwa nyumba kuuliza: Unaenda pwani? Wanawake mia na arobaini aliwauliza. Mia na ishirini na sita walisema ndiyo.

Siku ya kuitetea tasnifu tulimfuatilia kwa kompyuta ofisini, Bi Kazija kiti cha mbele. Akianguka, hapati nafasi nyingine. Mtahini wa nje, Profesa Nyange, hakuwa na huruma.

"Ulishindwa kumwona mvuvi aliye nyumbani kwenu. Kwa nini nikuamini?"

Nilishika kichwa.

"Kwa sababu kosa langu nimeliandika ukurasa wa kwanza, Profesa," alisema, sauti haitetemeki. "Waliotunga kanuni hizi waliuliza kama nilivyouliza mimi. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilirudi kuuliza tena."

Watahini walijifungia dakika ishirini. Walipotoka, profesa yule yule akasema, "Hongera, Dokta Shaame." Ofisi ililipuka kwa vigelegele, Mwalimu Hafidh akamwaga chai yote juu ya mitihani ya watu, na mimi niliyemcheka nikalia kuliko mama mzazi.

Mwezi uliopita kamati ya uvuvi ya shehia yao ilikaa kupanga lini mwamba ufungwe. Kwa mara ya kwanza, waendao pwani waliitwa. Bi Kazija aliwaambia wamechagua miezi ambayo pweza wenyewe hawapo. Wanaume walibishana wao kwa wao, kisha wakabadilisha tarehe.