Maji ya Chumvi na Mkono Wangu wa Kulia

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza duniani. Niliishia darasa la tano, lakini ukipita mitaa ya Bariadi ukaona geti lenye simba wawili, ujue ni mkono wangu huo. Nilianza kwa kuwashikia wenzangu chuma wakichomelea. Leo nina karakana, nyumba ya bati la rangi, na ng'ombe kule Nkoma. Sikufundishwa na mtu. Kwa hiyo nikisema nilikaribia kufa, msidhani anaongea mwoga.

Ilianza kidogo. Mashine yangu ya kuchomelea ilianza kunitekenya. Ukigusa bodi yake unasikia kama siafu wanatembea vidoleni. Fundi mwingine angeifungua akague nyaya. Mimi nilikagua watu. Ng'ambo ya barabara yuko Salum, muuza vifaa vya ujenzi, na kila mteja akiingia kwangu yeye ananyoosha shingo. Nikajisemea, mashine imekaa kimya miaka yote, kwa nini inishike mwaka huu niliopata kazi ya madirisha ya shule?

Nikaenda Sapiwi kwa mganga. Akasema nimefungwa na mtu wa karibu, umeme ule unatumwa. Akanipa dawa ya unga niichanganye na maji ya chumvi, chumvi nyingi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine ninawe hadi viwiko, nimwagie ninaposimama, nivue viatu ili ardhi inijue. Na nisijifute.

Asubuhi ya kwanza tu nilinawa, nikamwagia, nikawasha, nikashika mpini niisogeze mashine. Mkono ukajifunga wenyewe. Nikitaka kuachia, vidole ndiyo kwanza vinakaza. Niliuma ulimi, damu ikajaa mdomoni. Naona watu wanapita, sauti haitoki. Nilinusa nyama inaungua nikajua ni mimi. Nilijikojolea pia, nalisema ili mwingine apone. Salum alivuka barabara mbio akazima swichi kuu. Hata pale chini nilipoanguka nilikuwa nawaza: huyu amejuaje?

Hospitalini mkojo wangu ulitoka kama chai ya rangi. Kiganjani kulikuwa na shimo jeupe, kisigino hivyo hivyo. Mkono ukavimba mpaka ngozi inang'aa, vidole vikawa baridi kama vya maiti. Daktari, binti mdogo tu, akaniambia, "Baba, misuli imeungua kwa ndani. Tukichana ngozi leo, damu itapita. Tukingoja, tutaukata mkono wote."

Akaniletea karatasi niweke sahihi. Nikakataa. Nilijua wakishanilaza usingizi nitaamka na kigutu. Mkono wa kulia ndio shule yangu, ndio shamba langu. Mke wangu akampigia kaka yake, mwalimu Ndaki, anayefundisha fizikia sekondari. Naye alivyofika haraka vile, nikamshuku. Karakana isiyo na mkono inatafuta msimamizi. Nikamwambia hivyo usoni.

Alicheka. "Shemeji, mimi nikigonga msumari nagonga na kidole. Karakana yako nitaifanyia nini?"

Kisha akauliza kama mikono yangu ilikuwa na maji. Nikageukia ukutani. Mke wangu akasema, "Alinawa dawa ya chumvi."

Ndaki akaacha kucheka. Akaniambia nitoe simu yangu nipige hesabu mwenyewe, yeye hatagusa. Nikapiga kwa mkono wa kushoto. Umeme wa ukutani, uliovuja hadi kwenye bodi ya mashine, ni volti mia mbili thelathini. Ngozi kavu inaubishia umeme, ubishi huo wanauita ukinzani, na unaweza kufika omu laki moja. Ukigawanya volti kwa omu unapata ampea, yaani umeme unaopita. Simu ikaleta 0.0023.

"Hao ndio siafu wako," akasema. "Sasa ngozi imelowa chumvi, miguu peku kwenye tope la chumvi. Ukinzani unashuka, tuseme omu elfu moja. Gawanya tena."

Ikaja 0.23. Mara mia moja ya ile. Akasema sasa zidisha volti kwa ampea, upate nguvu kwa wati. Ikaja 52.9.

"Unakumbuka zile balbu za zamani za wati sitini?"

Nazikumbuka. Niliwahi kufungua moja ikiwa bado ya moto, ikanibabua vidole. Kumbe karibu balbu nzima ilikuwa inawaka ndani ya mwili wangu. Simu ilikuwa yangu, vidole vyangu, hakuna aliyenichezea hesabu. Na kilichopikwa hakiondoki kwa kuombewa wala kwa kuoshwa. Nikamwita daktari, nikaweka dole gumba la kushoto kwenye karatasi.

Walinichana kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Kidole cha mwisho hakikupona, kikaondolewa. Vingine vinne vilipata joto. Walinibandika ngozi ya pajani, na paja liliuma kuliko mkono. Nyumbani nilijifunza kushika upya kwa kuminya pamba ndani ya soksi, nikitoa machozi. Leo nachomelea. Simba wangu ni wazuri kuliko zamani.

Namshukuru Mungu, yule daktari, mke wangu na shemeji. Salum nilimuuliza alijuaje. Akasema alisikia mashine inanguruma bila cheche, nami nimesimama kama nguzo. Nimekubali. Nyaya za kuunganisha mashine na ardhi nilinunua kwake, baada ya kulinganisha bei kwa wengine wawili.

Wewe unayesoma, mashine ikikutekenya, zima, ita fundi aipime. Shika umeme ukiwa mkavu na viatu mguuni. Kama kuna mtu unamshuku, mshuku ukiwa umezima kwanza. Na wanaoulizana mtaani ilinigharimu kiasi gani, toka dawa ya Sapiwi, hospitali, mpaka nyaya, wasikisie. Nililipa mwenyewe, bila mchango wa mtu: shilingi milioni moja, laki nane, elfu sabini na tatu na mia tano.